Karatasi kwenye mlango wa friji: kisa cha mama mmoja na orodha yangu ya huduma za afya ya akili

Nilipoingia jikoni kwake mara ya kwanza, Februari 2025, orodha yangu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la nanasi. Kurasa sita zilizobanwa pamoja, ukurasa wa juu una doa la mafuta ya mawese pembeni. Namba moja ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu ya bluu, tena mara mbili. Nilifurahi, maana nilidhani naiona kazi yangu ikimfaa mtu. Nikamuuliza mama kama aliwahi kuipiga ile namba. Aliendelea kukoroga sombe bila kugeuka.

“Nilipiga, mwanangu. Mara tatu. Inasema Kingereza, inasema Kihispania, halafu inaimba.”

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma. Wakati huo nilikuwa nasomea ustawi wa jamii Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na kuanzia Septemba 2024 hadi Mei 2025 nilikuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, katika shirika dogo linalohudumia wakimbizi na wahamiaji. Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kusanya huduma zote za afya ya akili ambazo watu hawa wanaweza kuzifikia mjini, ziweke mahali pamoja, zitafsiriwe. Mama ameniruhusu kuandika kisa chake, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaofanya kazi kama hii, iwe Louisville, Nairobi au Kigoma mjini, kwa sababu tangu siku ile nimeona orodha nyingi zinazofanana na yangu, na nyingine ziko ukutani katika ofisi za watu wenye nia njema kabisa.

Mama ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini. Vita vya 1996 vilipoanza alikuwa msichana wa miaka kumi na tano. Alivuka Ziwa Tanganyika na shangazi yake, wakafika Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani kwetu Kasulu. Alikaa pale miaka 27. Aliolewa pale, alizaa pale watoto watano, alimzika mume wake pale. Mwaka 2023 aliletwa Marekani na watoto wanne. Binti mkubwa alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo faili lake lilikuwa peke yake, akabaki nyuma na watoto wake wawili akingoja zamu. Miaka hiyo Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote katika mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 peke yake waliingia karibu 20,000.

Anafanya kazi zamu ya jioni kwenye ghala la vifurushi. Anatoka nyumbani saa tisa na nusu alasiri, anarudi saa saba usiku. Nayataja masaa haya mapema kwa sababu orodha yangu ya kwanza haikuyajua.

Alipofika, kama wakimbizi wengine, alifanyiwa uchunguzi wa afya wa miezi ya mwanzo, na humo alijazishwa dodoso la kubaini dhiki ya kihisia linaloitwa RHS-15, lililotungwa jimbo la Washington mahsusi kwa wakimbizi na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwamo. Nalipenda dodoso hili. Swali lake la kwanza linahusu maumivu ya misuli, mifupa na viungo, na la tatu linauliza kama mtu anawaza sana. Aliyelitunga aliwasikiliza watu. Mwishoni kuna kipimo cha dhiki cha 0 hadi 10, mfano wa kipimajoto. Anayepata alama 12 na zaidi kwenye maswali 14 ya mwanzo, au 5 na zaidi kwenye kile kipimajoto, anapelekwa kwa mtaalamu aangaliwe zaidi. Mama alipata alama ndogo, na hakudanganya. “Wakati ule nilikuwa na furaha,” aliniambia. “Nilikuwa nimefika.” Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena.

Desemba 2024 binti yake aliambiwa atasafiri Februari. Mama akanunua magodoro mawili. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kukatiwa tiketi zikafutwa. Siku chache baadaye mashirika yanayopokea wakimbizi yaliamriwa kusitisha kazi zilizokuwa zikilipiwa na serikali kuu, yakaanza kupunguza watu. Magodoro yale niliyakuta sebuleni, yameegemezwa ukutani, bado yako ndani ya plastiki yake.

Kwa hiyo mtu asije akasoma kisa hiki akadhani ni habari ya vita vya Kongo tu. Vita vilikuwamo, navyo vilikuja kusemwa kwa wakati wake. Lakini kilichoukatia mbali usingizi wake ni magodoro yale.

Sasa nirudi kwenye orodha. Niliitengeneza jinsi nilivyozoea kuandika kazi za chuo: nilipekua tovuti moja baada ya nyingine, nikanakili majina, anwani, namba za simu, saa za kazi, na safu moja ya lugha. Ilifika mistari 42. Kwenye safu ya lugha, popote tovuti iliposema huduma zinapatikana kwa Kiswahili, niliandika Kiswahili. Tafsiri nilianza na mashine, kisha nikasahihisha sarufi. Msimamizi wangu aliisifu. Tuliigawa kanisani kwa kina mama Jumapili moja ya Desemba, baada ya ibada, na nakala zikaisha.

Namba aliyoizungushia duara ilikuwa ya kliniki moja ya ushauri nasaha. Tovuti yao haikusema uongo: ukiomba mkalimani wa Kiswahili, unaletewa. Ila kuomba kwenyewe ni kwa Kiingereza. Simu inapokelewa na mashine, mashine inakupa Kiingereza, inakupa Kihispania, kisha muziki. Mama alisikiliza muziki ule mpaka dakika zake za mapumziko kazini zikaisha, akakata. Siku ya pili vilevile. Ya tatu akabonyeza tarakimu yoyote tu, sauti ya mtu ikaja, ikasema maneno ya haraka, mama akasema “Kiswahili”, ile sauti ikasema kitu kingine, simu ikakatika.

Mara ya nne alimpa simu mwanawe wa miaka kumi na tatu.

Hapa naomba tukae kidogo. Kijana yule anaongea Kiingereza kizuri. Ndiye anayesoma barua za umeme, ndiye anayejibu shuleni kuhusu wadogo zake. Alipiga baada ya shule siku ambayo mama hakuwa kazini, wakakaa kwenye kochi, simu ikiwa kwenye spika. Mpokeaji wa kliniki, mtu aliyefanya kazi yake kwa kufuata fomu, aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, bima. Kijana akajibu. Akauliza tatizo ni nini. Kijana akamgeukia mama, mama akasema, “Mwambie kichwa kinaniuma, silali.” Akaambiwa. Kisha likaja swali la kwenye fomu, lile ambalo kila kliniki huuliza, na ni haki kuliuliza. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akamwambia mama yake kwa Kiswahili: “Wanauliza kama unataka kufa.”

Mama akasema hapana. Ungetaka aseme nini?

Wakamwandikia kwamba hana dharura, akapangiwa siku ya Alhamisi, wiki saba mbele, saa kumi alasiri. Saa kumi alasiri yuko ghalani. Hakwenda popote. Kijana yule, kwa mujibu wa mama, alianza kulala kwenye kochi, mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi.

Marekani kuna sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi imefahamika kwamba lugha imo humo. Kanuni za sheria ya bima ya afya ya 2010 zinakataza hospitali na kliniki kumtegemea mtoto awe mkalimani, isipokuwa kwa dharura ambayo mkalimani hapatikani. Mpokeaji yule hakujua kwamba anaongea na mtoto. Sauti ya kijana imeshakuwa nzito. Lakini mimi nilijua watoto ndio wakalimani wa nyumba hizi, na kwenye kurasa zangu sita hakukuwa na mstari hata mmoja unaomwambia mama kwamba ana haki ya mkalimani bila malipo, wala jinsi ya kumpata.

Siku ya jikoni nilikuwa nimetumwa na msimamizi baada ya kiongozi wa kina mama kanisani kumtumia ujumbe kwamba dada yao amebadilika. Kijana alikuwa ametoka kucheza mpira. Nilimsaidia mama kupepeta unga, tukaongea habari za Kasulu: barabara, soko, bei za mawese wakati ule. Alipojua kwetu ni kule, aliacha kuniita dada, akaniita mwanangu. Sikuanza na maswali ya fomu. Nilimuuliza usiku wake unapitaje tangu anaporudi kazini mpaka kunapokucha. Akanieleza saa kwa saa. Nikamuuliza, kama nilivyofundishwa kuuliza waziwazi, kama kuna wakati anafikiria kujiua.

“Kujiua hapana. Ni dhambi, na hawa watoto nitamwachia nani? Ila kuna siku namwomba Mungu asiniamshe.”

Maneno haya yana uzito wake, na ni tofauti sana na ile “hapana” ya kwenye kochi. Nilimpigia msimamizi pale pale, mama akisikia, nikimweleza ninachokisema. Kabla ya jioni tulikuwa tumeandika pamoja mpango wa usalama: dalili zinazomwonyesha kwamba usiku unakuwa mbaya, watu wawili anaoweza kuwaamsha saa nane usiku bila aibu, na namba 988. Namba hii ya kitaifa ya watu walio katika hali hiyo ilianza kutumika Julai 2022, na kwenye orodha yangu ilikuwa mstari wa kwanza. Sikuwa nimeandika inavyofanya kazi kwa mtu wa Kiswahili. Kihispania kina kitufe chake. Kwa lugha nyingine unangoja mtu apokee, unamtajia jina la lugha yako, naye anamwita mkalimani kwenye simu hiyohiyo. Kwa ujumbe wa maandishi, ni Kiingereza na Kihispania tu. Mambo matatu, sentensi tatu, na hakuna hata moja niliyokuwa nimeiandika.

Swali alilonirudishia mama ndilo lililonifunza kuliko yote. Aliuliza, “Sasa umeandika hivyo, watoto watachukuliwa?” Siku zote zile alikuwa anaogopa hilo. Habari ya mama fulani wa mji mwingine aliyenyang'anywa watoto kwa sababu alilia hospitalini huzunguka kwenye simu za watu, na kila anayeisimulia ana shemeji anayemjua huyo mama. Nilimweleza tofauti: huzuni na kukosa usingizi si kosa, wala si sababu ya kumnyang'anya mtu watoto, anachomwambia mshauri ni siri, siri hiyo ina mipaka, nayo ni pale maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto anapoumizwa. Nilimwambia mipaka hiyo wazi, maana angekuja kuambiwa na mtu mwingine akaniona mwongo.

Nilirudi ofisini na kuomba ruhusa ya kuipima orodha nzima. Sheria niliyojiwekea ilikuwa moja: nikipiga, sisemi neno lolote la Kiingereza isipokuwa jina la lugha. Nilikaa siku tatu kwenye chumba cha makabrasha na simu ya mezani. Mashine nyingi zilinifikisha kwenye muziki uleule. Mtu mmoja alinijibu kwa Kifaransa, polepole, kwa huruma, na tukaishia hapo. Namba moja ilikuwa mlio wa faksi. Mmoja alidhani nimekosea namba akaniaga kwa adabu. Mama mmoja, sauti ya mtu mzima, alisema “Swahili, okay,” akaniweka nisubiri, na dakika nne baadaye akaja mkalimani anayesema Kiswahili cha Nairobi, nilikaribia kulia. Mstari wa msaidizi mmoja aliyekuwa akiongea Kiswahili kizuri, yule wakimbizi wanayemwita kesiwoka, ulikuwa haupokelewi kabisa. Alikuwa ameachishwa kazi mwezi uliopita. Kati ya mistari 42, iliyomfikisha msemaji wa Kiswahili kwa binadamu anayemwelewa haikufika kumi.

Msimamizi wangu aliuliza kama ni haki kuwapima watu bila kuwaambia. Nadhani swali ni zuri, na jibu langu lilikuwa kwamba nitawapigia tena wote kwa Kiingereza, niwaeleze nilichofanya na kilichotokea. Nilifanya hivyo. Wachache walikasirika. Wengi walishtuka kwa dhati, na wawili walinipa namba ya moja kwa moja ambayo hawakuwa wameiweka popote hadharani. Zile simu za pili ndizo zilizoleta faida kubwa kuliko upekuzi wangu wote wa miezi mitatu.

Kuhusu maneno, nilidhani mimi ni mwenye lugha, kwa hiyo niko salama. Orodha ilikuwa na kichwa “Huduma za Afya ya Akili”, na ndani yake kulikuwa na “unyogovu”, yaani huzuni nzito isiyoisha, neno ambalo sijawahi kulisikia mtu akilitamka Kasulu wala Kigoma, lakini mashine za kutafsiri zinalipenda. Kulikuwa na “sonona”, ambalo wataalamu wa Tanzania wanalitumia kwa hali hiyohiyo, na “kiwewe”, yaani jeraha la moyo baada ya tukio la kutisha. Machi tulikaa na kina mama sita kanisani, nikawasomea. Sonona hakuna aliyeijua. Afya ya akili waliielewa vizuri sana: ni mambo ya vichaa. Mmoja akasema, kwa upole, kwamba asingeweza kuiacha karatasi ile mahali wageni wanapoona. Nilimtazama mama yetu, aliyeibandika kwenye friji. Akasema yeye hajui kusoma vizuri. Alijua tu kwamba ni karatasi ya msaada na kwamba pale kwenye duara ndipo kiongozi wao alipomwonyesha.

Nikawauliza wao husemaje. Hapo chumba kikafunguka. Niko na mawazo mingi. Kichwa inaniluma upande mmoja. Roho inapiga. Usingizi umekataa. Mwili uko hapa, mimi niko Nyarugusu. Kati ya hayo yote, mawazo mengi ndiyo yaliyorudiwa na kila mmoja, na ndiyo yaliyomo kwenye swali la tatu la lile dodoso. Washona wa Zimbabwe wana neno lao la jambo hilohilo, kufungisisa, na juu yake daktari Dixon Chibanda alijenga huduma ya mabibi wa mtaani wanaokaa na watu kwenye mabenchi mjini Harare tangu 2006. Mabibi wale hawakuanza kwa kuwafundisha watu jina jipya la ugonjwa. Tukabadilisha kichwa cha orodha: “Ukiwa na mawazo mengi na usingizi umekataa.” Maneno ya kitaalamu tuliyabakiza sehemu moja tu, ndani, kama maneno ambayo daktari anaweza kuyatumia, ili mtu asishtuke akiyasikia.

Tulipofika kwenye suala la mkalimani, nilikuwa na jibu langu tayari, nalo lilikuwa na kasoro. Nilidhani bora ni mkalimani wa ana kwa ana, Mkongo mwenzao, anayejua Kiswahili cha Fizi na Kibembe. Mama alinikatalia mara moja. Wakongo wa mji ule wanajuana. Mkalimani bora aliyekuwapo anaimba naye kwaya. “Nitamwambia usiku wangu, kisha Jumapili tusimame naye tuimbe?” Alitaka mtu wa mbali, wa kwenye simu, asiyejua jina lake. Mwingine katika kikundi kilekile alitaka kinyume chake: asiyemwona uso hawezi kumwambia neno. Wote wawili wako sahihi. Kwa hiyo kwenye orodha mpya swali hilo limewekwa mbele kabisa, pamoja na maelezo kwamba unaruhusiwa kukataa mkalimani na kuomba mwingine, mwanamke au mwanamume, wa simu au wa kuonana, bila kueleza sababu.

Mlango uliomfaa mama, mwishowe, haukuwa kwenye mistari yangu 42. Ulikuwa kliniki ya jamii anakompeleka mtoto wake wa mwisho kuchanjwa, kwa basi moja bila kubadilisha. Ni zile kliniki zinazotoza kwa kadiri ya kipato, na kwenye korido yake kuna chumba cha mshauri nasaha, hatua chache kutoka kwa daktari wa kawaida. Mama alikuwa amepita mbele ya chumba kile zaidi ya mara kumi. Hakuhitaji kuomba huduma ya akili; alikwenda kwa daktari kwa ajili ya kichwa, ambacho kweli kilikuwa kinamuuma, daktari akapima shinikizo la damu, akauliza usingizi, akamvusha korido. Jumanne, saa nne asubuhi, kabla ya zamu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, kutoka jimbo jingine. Nilikaa nje na yule mdogo.

Alikwenda mara tano. Kisha ghala likabadilisha zamu, akapotea mwezi mzima, akarudi mara mbili. Sitaandika kwamba amepona. Analala masaa manne hadi matano, anakula, na lile ombi la kutoamshwa anasema halijamjia tangu Aprili. Binti bado yuko Nyarugusu. Hakuna mshauri anayeweza kuliondoa hilo, na nadhani ni heshima kwa mama kulitaja waziwazi badala ya kulifunika kwa mazoezi ya kuvuta pumzi, ingawa mazoezi yenyewe yanamsaidia.

Mchungaji wake alikuwa amemshauri kufunga na kuomba. Wenzangu ofisini walimwona kama kikwazo. Nilikwenda kuzungumza naye; kumbe yeye mwenyewe alikuwa na watu kumi wanaomgongea usiku na hana pa kuwapeleka. Alichukua nakala hamsini, akatangaza madhabahuni kwamba maombi na daktari vinaenda pamoja. Tangazo lile lilifungua milango ambayo mimi nisingeweza kuigonga.

Orodha mpya ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma, mistari minane. Kila mstari una tarehe ya mwisho ilipopigwa simu na matokeo yake, basi gani linafika, na kama kuna nafasi za asubuhi. Juu kabisa kuna sentensi ya kumsomea anayepokea simu, imeandikwa jinsi inavyotamkwa: “Ai nidi Swahili intapreta, plizi.” Chini yake: mashine ikianza kuimba, usikate. Bima nayo ina tarehe yake. Julai 2025, nikiwa nimeshamaliza fildi na ninajitolea tu, ilipita sheria ambayo kuanzia Oktoba 2026 inawaondoa kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu. Tukaongeza mstari wa kuwakumbusha watu kwamba mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi huo akishatimiza mwaka mmoja nchini. Nilimuuliza mama. Fomu zake zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, hazijajazwa, kwa sababu kesiwoka aliyekuwa amsaidie ndiye yule aliyeachishwa.

Lakini kinachotembea si karatasi. Wengi wa kina mama hawasomi, kwa hiyo tulirekodi sauti ya WhatsApp, dakika mbili na nusu, moja kwa Kiswahili chao na moja kwa Kibembe. Sauti yangu niliiondoa baada ya jaribio la kwanza. Walisema ninasikika kama redio. Ya Kiswahili aliisema mama huyuhuyu, kwa kutaka mwenyewe, kwa sharti kwamba asijitaje jina wala asiseme kwamba yalimpata yeye. Tulirekodi jikoni kwake Jumapili jioni, watoto wakiwa kwa jirani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Ukisikiliza vizuri utasikia friji ikinguruma nyuma yake. Alisema kwa kumbukumbu yote niliyomwandalia: namba, mkalimani, siri na mipaka yake, watoto hawachukuliwi kwa sababu mama yao ana huzuni. Nilipobonyeza kuzima, alinishika mkono.

“Washa tena. Hujaweka ile ya mtoto.”

Nikawasha. Akasogea karibu na simu, akasema taratibu: “Na tena, mama, usimpe mtoto simu. Umwambie aende kucheza. Wewe mwenyewe sema Kiswahili, ungoje. Watamleta mtu.”